Siku ya Kumrusha Mama Mkwe

Meno yalirudishwa Jumatatu asubuhi, yamefungwa kwenye gazeti. Mwenye nayo alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mwanamke mrefu aliyezoea kusimama mbele ya watoto mia tano na kuwanyamazisha kwa jicho moja. Aliyaweka mezani kwa Fundi Meno kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Nimeyavaa siku tatu," alisema, ameziba mdomo kwa leso. "Nikicheka, kicheko kinaenda kwa jirani. Mjukuu wangu ameniuliza kama nimepooza."

Fundi Meno aliyachukua, akayageuzageuza. Alikuwa na miaka sitini na saba, na arobaini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kutengeneza meno ya bandia katika chumba hicho hicho cha mbele cha nyumba yake.

"Haya hayana neno, mama. Ni taya lako. Umri ukienda, taya nalo linahama."

"Lilihamia wapi kati ya Ijumaa na leo?"

"Basi nitakurudishia pesa yako."

"Sitaki pesa. Nataka kutafuna."

Upande wa pili wa chumba mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona mapazia ya ofisi fulani. Hakuinua kichwa, lakini aliona. Aliona mumewe akiyapima meno yale kwa kidole gumba, jino baada ya jino, huku uso wake umeelekea ukutani. Hata kutoka pale alipokaa, meno yalionekana yamelala upande kama ua lililoegemewa na ng'ombe.

"Yaache hapa, dada," mkewe alisema. "Alhamisi yatakuwa tayari. Nitayasimamia mwenyewe."

Mkuu wa shule alikunja gazeti lake vizuri, akaondoka nalo, maana hata gazeti hakuwa tayari kuwaachia watu wale.

Ukweli ulikuwa kwamba Fundi Meno haoni. Hakuwa kipofu kabisa. Aliona mwanga na giza, aliona mtu kama anavyoonekana mtu aliye nyuma ya pazia la bafu. Yeye alijua, mkewe alijua, na kwa miezi minane walikuwa hawajalitaja jambo hilo, kama wanandoa wengine wasivyotaja kukoroma.

*

Ingekuwa meno tu, pengine wangeendelea hivyo hivyo hadi mji mzima ucheke upande. Tatizo lilikuwa ndege.

Tangu ujana wake Fundi Meno alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wanaounda ndege ndogo za mbao nyepesi, zenye injini ya kweli na mabawa ya urefu wa mtu aliyenyoosha mikono, na kuzirusha kwa rimoti kila Jumapili asubuhi katika uwanja wa wazi nyuma ya karakana ya matofali. Zamani klabu ilikuwa na watu ishirini na wawili. Wengine walihama, wengine walikufa, wengine walinunua simu za kisasa, ambalo kwa klabu lilikuwa jambo lile lile. Walibaki wanne.

Kulikuwa na Kapteni, karani mstaafu wa posta ambaye hajawahi kuwa kapteni wa chochote ila alikuwa na kofia. Kulikuwa na Waya, fundi wa redio, mtu mwembamba mwenye waya mfukoni hata msibani. Na kulikuwa na Padri, ambaye hakuwa padri. Aliitwa hivyo kwa sababu aliiombea kila ndege kabla ya kuruka, kisha akaitukana wakati wa kutua.

Kwa miaka miwili sasa wenzake walikuwa wamemwachia Fundi Meno rimoti. "Wewe ndiye mwenye mkono," walimwambia, nao wakasimama nyuma yake na kutazama juu. Walisema ni heshima.

Na tangu macho yalipoanza kumwacha, mkewe alikuwa anaandamana naye uwanjani. Aliketi kwenye kiti cha kukunja, hatua mbili kutoka kwa mumewe, na kupiga soga. Soga zenyewe zilikuwa na mpango. Akimtaja dada yake, Fundi alipinda kulia. Akimtaja kaka yake, kushoto. Akimtaja marehemu mama yake, ndege ilipanda juu.

"Dada yangu amenipigia simu jana," angesema. "Dada yule ana maneno. Dada huyo, dada huyo! Basi. Nikamkumbuka marehemu mama."

Na ndege ilipinda kulia, ikazidi kupinda, ikanyooka, ikapaa. Wanaklabu waliamini kwamba shemeji yao amechanganyikiwa kidogo na ndugu zake. Padri alikuwa anawaombea wote kwa majina.

*

Jumanne jioni klabu ilikutana katika chumba cha meno. Jumapili hiyo ingetimia miaka thelathini tangu siku ya Mama Mkwe.

Mama Mkwe ilikuwa ndege nyekundu, ya zamani kuliko zote, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilikuja kwa kishindo na hakuna aliyejua itaondoka lini. Mama mkwe mwenyewe, mama wa mkewe Fundi, enzi za uhai wake, aliambiwa kwamba amepewa heshima, akaamini, akatoa hata kitambaa cha mkia. Na miaka thelathini iliyopita, Mama Mkwe alipaa, akalivuka tangi la maji, akapotelea nyuma ya machimbo ya mawe, na watu walipokwisha kukata tamaa, akarudi.

"Dakika kumi na tisa," Kapteni alisema, anakoroga chai. "Nilikuwa na saa mkononi."

"Kumi na moja," Waya alisema. "Tangi la mafuta halikuweza kubeba zaidi. Nililifunga mimi."

"Saa yangu haikusoma tangi la mafuta."

"Saa yako ilisimama tangu ulipoiangusha kwenye ndoo ya gundi."

"Mimi nilikimbia kumfuata," Padri alisema, macho yanang'aa. "Nikakimbia hadi mtaroni. Nikatumbukia! Mnakumbuka?"

"Nani atasahau?" Kapteni alicheka mpaka akamwaga chai. "Ulitoka na matope mpaka masikioni, bado unaomba!"

"Na rimoti ilikuwa mkononi mwangu," Fundi Meno alisema.

Hapo kila mmoja wao alikuwa na maoni yake. Lakini nyumba ilikuwa ya Fundi, chai ilikuwa ya mkewe, nao walikuwa bado wanataka kuongezewa.

Ikakubaliwa kwamba Jumapili waje na familia zao, lifungwe turubai, ziwepo soda, na Mama Mkwe arushwe tena. Na nani amrushe?

"Mwenye mkono," Waya alisema haraka sana.

"Mwenye mkono," Kapteni na Padri wakaitikia.

Mkewe alikuwa mlangoni na birika. Alimtazama mumewe akitabasamu kuelekea mahali ambapo Waya alikuwa ameketi dakika tano zilizopita.

*

Jumatano wawili hao walikaa na meno ya mkuu wa shule. Mkewe alishika taa, mumewe akashika kisu cha nta.

"La pili, lisogeze. Si hilo. Hilo ni dole lako."

"Nalijua dole langu."

"Basi usilikate."

Binti yao aliingia, ana madaftari ya wanafunzi kifuani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amerudi kuishi nyumbani baada ya ndoa yake kumshinda, na kila mtu pale ndani alimwita Mwalimu, pamoja na wazazi wake, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusahihisha. Alisimama, akawatazama. Kisha akanyanyua mkono.

"Baba, hivi ni vingapi?"

"Usinifanyie mtihani ndani ya nyumba yangu."

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Nimenyoosha ngumi, baba."

Mkewe akaweka taa chini.

"Huo ni mtoto wa jicho," Mwalimu alisema. "Baba yake mwenzangu shuleni alikuwa nao. Wanautoa kwa nusu saa, wanaweka lenzi, unarudi nyumbani kwa miguu yako."

"Mtoto mmoja ananitosha," Fundi Meno alisema. "Mwingine hata simjui jina."

"Sicheki, baba."

"Nami sicheki. Unataka mtu aniingize chuma kwenye jicho nikiwa namtazama? Mimi nimeingia midomo ya watu miaka arobaini. Najua fundi anavyosema 'hutasikia chochote'. Nimesema hivyo mara elfu, na mara elfu nilikuwa nadanganya."

Mwalimu akamgeukia mama yake. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na Jumapili zote hizo? Mama mdogo, mjomba, marehemu bibi..." Akakaa. Alikuwa hodari wa hesabu, ikamchukua sekunde chache tu kuijumlisha. "Mungu wangu. Mlikuwa mnairusha kwa mama mdogo?"

Meno yalimalizika usiku haujaingia. Kesho yake mkuu wa shule alicheka mbele ya kioo mara sita, akikagua, na kicheko kikaenda mbele kama inavyotakiwa. Hakushukuru. Alisema tu, "Sasa haya ndiyo meno," akaondoka.

Alipokwenda, mkewe alifunga cherehani.

"Jumapili sitasema kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Unajua. Zile nyingine ni ndege ndogo, zikianguka zinaanguka majanini. Mama Mkwe ana injini kama ya pikipiki, na kutakuwa na watu. Waambie huoni. Mpe Waya arushe."

"Waya! Waya hajui hata kufungua mlango bila bisibisi."

"Basi asirushwe."

"Ndege ile naijua kwa sauti. Najua anapopinda, najua anapochoka. Sikukuomba uwe macho yangu. Ulijipeleka mwenyewe na kiti chako."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi chake hakikuwa na gia ya kurudi nyuma.

"Vizuri," mkewe alisema. "Kaa na masikio yako."

*

Jumapili jua lilikuwa jeupe na upepo kidogo. Turubai la bluu lilifungwa pembeni mwa uwanja, na chini yake walikaa wake, wakwe na wajukuu wa klabu, watu kama ishirini, na makreti ya soda. Mbali kidogo kilisimama choo cha bati cha mafundi wa karakana. Mkewe Fundi alikwenda na kiti chake hadi mwisho kabisa wa turubai, akatoa pazia na vishikizo, akaanza kushona. Mwalimu alikaa naye.

"Mama, mwambie."

"Ana masikio."

Padri aliomba. Aliomba kwa ajili ya injini, mabawa, mkia, na kwa dada na kaka wa shemeji. Waya alizungusha pangaboi la puani kwa kidole, injini ikapiga chafya mara mbili, ikanguruma. Fundi Meno alishika rimoti, na Mama Mkwe akakimbia juu ya nyasi, akapaa.

Watu walipiga makofi. Na kusema kweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza. Sauti ilipokwenda mbali akaivuta, ilipopanda akaishusha. Alikuwa anatabasamu. Mtu ambaye hakuambiwa asingeweza kujua.

Kisha lori likaingia karakanani.

Lilikuja kushusha kokoto. Lilirudi nyuma likipiga king'ora, likanyanyua bodi, na kokoto zikaanza kumwagika kwa kelele ya mwisho wa dunia. Fundi Meno alipoteza sauti ya ndege. Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Tabasamu lilibaki usoni lakini hapakuwa na mtu nyuma yake.

Mama Mkwe aliinamisha pua, akapinda taratibu, akaelekea turubai.

Mwalimu alisimama. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, wakidhani ni madoido. Mkewe aliona duara jeusi la injini likikua, akaona pangaboi, akaona chini yake vichwa ishirini na chupa za soda. Pazia lilidondoka.

"Kushoto!" alipiga ukelele ambao karakana yote iliusikia juu ya kokoto. "Kushoto, we mzee kipofu! Kushoto na juu! Juu!"

Fundi alipinda kushoto na juu. Bawa lilikata kamba ya turubai, turubai likaangukia wakwe, na Mama Mkwe akapita juu yao kwa kimo cha mtu mmoja, akirusha moshi. Mkewe alikuwa tayari anakimbia, viatu mkononi. Alifika alipo mumewe akamshika bega.

"Kulia. Tena. Nyooka. Unakwenda kwenye tangi, kulia! Sasa shusha. Polepole. Punguza moto."

"Majani yako mbele?"

"Majani yako mbele. Shusha. Shusha. Umegusa. Breki!"

"Haina breki!"

"Kwa nini haina breki?"

Mama Mkwe alibiringika kwenye nyasi, akaruka tuta, akagonga mlango wa choo cha bati kwa kishindo. Injini ikazima.

Lori nalo lilikuwa limemaliza. Kisha mlango wa choo ukafunguliwa, akatoka Kapteni, ameshika suruali kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine.

"Nani anabisha hivyo?" alisema. "Si kuna mtu!"

*

Wakwe walikuwa bado wanatambaa kutoka chini ya turubai. Wazee wanne walisimama pembeni ya choo, Mama Mkwe katikati yao, bawa moja limevunjika. Fundi Meno alikuwa anatazama chini, au alikodhania ni chini.

"Sioni," alisema. "Miezi minane. Mke wangu ndiye alikuwa ananielekeza. Dada yake, kaka yake. Mniwie radhi."

Waya alitoa waya mfukoni, akaurudisha. Ndipo Mwalimu, aliyekuwa bado anahesabu mambo kichwani, akamgeukia Kapteni.

"Baba mdogo, siku ya miaka thelathini. Mama Mkwe yuko hewani. Wewe ulikuwa chooni unafanya nini?"

"Swali gani hilo?"

"Hukutaka kuona?"

Kapteni alifunga mkanda kwa utulivu mkubwa. Alivaa kofia. "Nione nini?" alisema mwishoni. "Tangu mwaka juzi sioni hata ndege wa kweli. Mimi huwa natazama anakotazama Waya."

"Mimi?" Waya alisema. "Mimi namtazama Padri!"

Wote wakamgeukia Padri. Padri alivua miwani yake minene, akaifuta kwa shati, akaivaa tena bila faida yoyote inayoonekana.

"Mimi huwa namtazama Kapteni," alisema.

Mkewe Fundi alikuwa ameketi kwenye nyasi, anavaa viatu. Alisimama na kiatu kimoja.

"Subirini. Kwa hiyo uwanja huu, Jumapili zote, mwenye macho ni mimi peke yangu? Ndiyo maana mlikuwa mnamwachia rimoti? 'Mwenye mkono, mwenye mkono'?"

"Ilikuwa heshima, shemeji," Waya alisema kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa woga!"

"Na woga pia."

Padri alikuwa bado hajamaliza. Mtu akishaanza kuungama huwa hajui pa kuishia. "Kuna jingine," alisema. "Ile siku. Miaka thelathini iliyopita. Mimi sikuwepo."

"Acha upuuzi," Fundi Meno alisema. "Ulitumbukia mtaroni."

"Nakumbuka nilivyotumbukia. Nayakumbuka matope. Lakini wiki ile nilikuwa ukweni, namzika baba mkwe. Mke wangu amenionyesha picha. Nimevaa suti, niko kaburini."

"Mimi nilikuvuta kwa mkono kutoka mtaroni!" Kapteni alisema.

"Najua. Na nilikushukuru."

Walisimama pale, wazee wanne, wakimtafuta kichwani mtu aliyetumbukia mtaroni. Fundi Meno ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa choo, na wenzake wakafuata, Padri kuliko wote, machozi yakimtoka nyuma ya miwani isiyo na kazi.

Mkewe hakucheka. Alikuwa anatazama wajukuu wakiokota chupa za soda mahali ambapo ndege ilipita. Mumewe alipoacha kucheka aliisikia pumzi yake, akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Nitakwenda," alisema. "Mwambie Mwalimu aniandikishe. Nitakwenda."

*

Mwalimu aliwaandikisha wote wanne. Kliniki ya macho iliwapa siku moja, na walikaa kwenye benchi moja wamevaa majoho ya kijani yaliyofungwa nyuma, wakibishana kuhusu dakika kumi na tisa. Muuguzi aliuliza nani aanze. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake, kwa heshima. Mwishoni Fundi Meno alisimama.

"Utasikia baridi kidogo tu, baba," muuguzi alisema. "Hutasikia maumivu."

"Muongo," Fundi alisema, akaingia.

Lakini hakusikia maumivu, na jambo hilo lilimuudhi kwa siku mbili.

Bandeji ilipotoka, wiki ile ile, aliingia peke yake kwenye chumba cha nyuma ambamo ndege zilining'inia darini. Alikaa humo muda mrefu. Mkewe alimfuata, akamkuta ameshika bawa la moja ya zile ndogo, ndege aliyoiunda mwaka huo huo na kuisifia mbele ya watu.

"Hii nimeunda mimi?" aliuliza.

"Wewe."

"Mbona ni mbaya hivi?" Gundi ilikuwa imechuruzika kama makamasi. Mbavu za bawa hazikulingana hata mbili. Lakini juu ya mbavu hizo kitambaa kilikuwa kimevutwa upya, kimeshonwa kwa mishono midogo, iliyosawazishwa, isiyo yake. Alishusha ndege nyingine. Mishono ile ile. Akashusha ya tatu.

"Ulikuwa unazirekebisha lini?"

"Ukienda kuoga. Unaoga polepole."

"Bila haya zisingepaa."

"Zisingetoka hata mlangoni."

Fundi Meno alitaka kusema neno kubwa. Akalitafuna, likakataa kutoka. Akatundika ndege mahali pake.

*

Jumapili ya pili baadaye walikwenda uwanjani wawili tu, na ndege moja ndogo. Fundi aliona tofali moja moja karakanani. Aliona kutu ya tangi la maji. Aliwasha injini, akaipa moto, kisha akageuka akampa mkewe rimoti.

"Shika."

"Mimi sijui."

"Miezi minane umerusha wewe. Mimi nilikuwa vidole tu."

"Nitaivunja."

"Tutaunda nyingine. Gundi nitapaka mimi, sasa nakiona kibati chake."

Aliishika kama mtu anayeshikishwa mtoto wa watu. Ndege ilikimbia ikipepesuka, ikaruka, ikashuka, ikagusa nyasi, ikapaa. Mkewe aligutuka, akacheka kwa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Kulia kidogo," Fundi Meno alisema, amekinga macho kwa mkono. "Hapo. Sasa inua. Inua! Usiiache ikapita tangi. Kushoto, kushoto basi, mbona—"

"Nyamaza," mkewe alisema, bila kuondoa macho angani. "Naona."

Alikwenda kwenye kile kiti cha kukunja, akakaa, akainua uso. Mkewe aliipitisha ndege kando ya tangi, akaipeleka mbali kuelekea machimboni.